Chicha si ya Kuku Peke Yao

Nilizaliwa Kipini, Mto Tana unapoingia baharini, nikaolewa Madogo, mto huohuo ukiwa bado na safari ndefu. Kipini mnazi ni jirani, ukifungua dirisha unauona. Madogo mti wenye sura ya kukaribiana naye ni mkoma, na makoma yake magumu ya rangi ya kahawia watoto huyaguguna wakitoka chuoni. Nazi huku ni mgeni. Huletwa kwa basi na lori kutoka Malindi, kupitia Garsen na Hola, na hadi ifike kwangu imeshakula vumbi na nauli. Kwa hiyo nazi yangu siichezei. Maji yake huyanywa mtoto, kifuu huwashia jiko, tui hupikia wali na maharagwe.

Kitu kimoja tu nilikitupa kila siku tangu niolewe. Chicha.

Asiyekulia pwani nimweleze. Nazi ikishafuliwa na kuvunjwa, huikuna kwenye mbuzi, yaani kile kibao chenye ulimi wa chuma wenye meno. Nazi iliyokunwa inayoanguka kwenye sinia unaitia maji kidogo, unaikamua kwa kifumbu au kwa mkono, unapata tui la kasimile, lile zito. Unatia maji tena, unakamua tena, unapata tui jepesi. Kinachobaki kiganjani baada ya hapo ni kitu cheupe, kikavukavu, kisicho na harufu ya kujisifu. Hicho ndicho chicha. Kipini mama alikuwa akikirusha uani huku akiita kuku. Madogo nami nikafanya vivyo hivyo, kwa maana mkono hufuata ulichofunzwa.

Siku moja nilikwenda Mombasa kwenye arusi. Nikapita dukani, moja ya haya maduka makubwa yenye feni na vigari vya kusukuma, nikaona pakiti ndogo ya nusu kilo imeandikwa kuwa ni unga wa nazi. Bei yake ingeninunulia pakiti tatu za unga wa ngano za kilo mbilimbili, na chenji ya basi ikabaki. Nikaigeuza nyuma kusoma umetengenezwaje. Nyama ya nazi iliyokamuliwa, ikakaushwa, ikasagwa. Nikaisoma mara ya pili. Nikacheka peke yangu mpaka kijana wa dukani akaja kuniuliza kama nahitaji msaada.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Nimeona chakula cha kuku wangu."

Sukari ya mama mkwe

Ningeishia kucheka tu, lau si mama mkwe. Yeye ni Mmunyoyaya wa kando ya mto, mkulima wa ndizi na maembe, mtu ambaye hajawahi kukaa kitako mchana. Mwaka huo alianza kuchoka bila sababu, kiu haimwishi, usiku anatoka nje mara nne. Tukamvusha daraja hadi Garissa akapimwe. Mtu aliyelala bila kula, akipimwa asubuhi sukari ya damu ikawa milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikasema vilevile, huhesabiwa ana kisukari. Yake ilipita hapo mbali.

Alipewa dawa na akapewa maneno. Dawa alizikubali. Maneno ndiyo yaliyomuuma: apunguze wanga. Sasa mtazame mama huyu. Mkwewe, yaani mimi, ndiye muuza mahamri wa barabarani. Kila alfajiri nakaanga mahamri ya madereva wa malori wanaokwenda Garissa na wanaorudi Nairobi kupitia Mwingi. Nyumba yote inanuka iliki na mafuta ya moto. Kumwambia asile mahamri katika nyumba hiyo ni kumfunga mbuzi karibu na shamba la mahindi.

Hakulalamika. Alikuwa akichukua chai yake ya maziwa ya ngamia, isiyo na sukari, akaenda kuinywa chini ya mwarobaini, mbali na jiko. Hilo lilinishinda kuliko kama angelalamika. Nikaikumbuka ile pakiti ya Mombasa.

Mchanga wa Tana

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kila mtu anayeanza: niliudhania unga wa nazi ni ngano ya rangi nyingine. Nilikausha chicha, nikaitwanga, nikaichekecha, nikapima vikombe vilevile vya mahamri yangu ya siku zote. Nikatia hamira, tui, iliki. Nikakanda.

Haikukandika. Ngano ukiikanda inaanza kuvutana, inakuwa kama ngozi laini chini ya kiganja. Hii ilikuwa inakatika. Nikaongeza tui, ikalinywa. Nikaongeza tena, ikalinywa tena, kama ngamia aliyefika kisimani baada ya siku kumi. Nilipotumbukiza kipande kwenye mafuta, kikafumuka kikawa chembechembe zinazoogelea. Vilivyosalimika niliviopoa na kumpelekea mama mkwe kwa aibu.

Akatafuna kidogo. Akatafuna zaidi. Akanywa chai.

"Mwanangu," akasema, "haya ni mahamri au ni mchanga wa Tana?"

Ilinibidi nijue kwa nini. Jambo lenyewe ni hili. Ndani ya ngano mna protini mbili ambazo zikikutana na maji na kukandwa hushikana na kufanya wavu unaovutika. Wavu huo huitwa gluteni. Ukitaka kuiona kwa macho, chukua donge la unga wa ngano uliokandwa, ulioshe taratibu ndani ya bakuli la maji. Maji yatageuka meupe, huo ni wanga unaotoka. Endelea kuosha. Kitakachobaki mkononi ni kitu cha kijivu kinachonatanata kama ulimbo wa kunasia ndege. Hicho ndicho kinachoshika hewa ya hamira ikabaki ndani, mahamri yakafura yakawa na uwazi katikati. Nazi haina kitu hicho hata chembe. Nilikuwa nikiamrisha mchanga usimame uwe ukuta.

Jambo la pili ni ile kiu. Chicha sehemu kubwa ni nyuzinyuzi zilizobaki baada ya tui kutoka, na nyuzinyuzi kavu hunywa maji mengi kuliko unga wowote niliowahi kuushika. Ndiyo maana kipimo cha kikombe kwa kikombe hakifai. Pale unapotaka kikombe kizima cha ngano, unga wa nazi unatosha robo, au theluthi kwa wingi.

Sasa, ukishaondoa gluteni, nani atashika mkate? Jibu lilikuwa katika kitendawili cha utotoni: nyumba yangu haina mlango. Yai. Ute wa yai ukipata moto huganda, na ukiganda huzishika zile chembe zote mahali pake. Mapishi ya unga wa nazi ukiyaona yana mayai mengi, usidhani mpishi ni tajiri. Mayai ndiyo nguzo na ndiyo kuta.

Hapo ndipo akili ilinifunguka. Sisi watu wa pwani tunao tayari mkate unaosimama kwa mayai. Mkate wa mayai, ule wa arusi na futari za Ramadhani, unaopigwa mpaka mkono ufe ganzi, ukiwa na unga kidogo na iliki. Nilikuwa nimekosea mlango. Mahamri ni mtoto wa gluteni na hayawezi kuigeuka asili yake. Mkate wa mayai unaweza.

Kilichomo ndani

Kwa nini kuhangaika? Tuweke namba mezani. Gramu 100 za unga mweupe wa ngano zina wanga wa gramu 76 hivi, na katika hizo nyuzinyuzi hazifiki hata 3. Karibu zote zilizobaki mwili huzivunja kuwa sukari na kuziingiza kwenye damu. Gramu 100 za unga wa nazi zina wanga wa gramu 60 hivi, lakini zaidi ya nusu yake, kwa kawaida kati ya gramu 35 na 40, ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari. Namba hizi hupanda na kushuka kulingana na nazi ilivyokamuliwa. Kinachobaki cha kugeuka sukari ni kama gramu 20 na kitu. Protini nayo ni karibu mara mbili ya ile ya ngano. Kisha kumbuka kuwa kwenye mkate unatia robo tu ya unga ambao ungetia, kwa hiyo wanga unapungua mara mbili, kwa aina na kwa kipimo.

Watu wa Ufilipino, nchi ya minazi kuliko yetu, walilipima jambo hili zamani. Mtafiti Trinidad P. Trinidad na wenzake wa taasisi ya taifa ya utafiti wa chakula na lishe ya huko walichapisha matokeo yao mwaka 2003 katika jarida la British Journal of Nutrition. Walioka mikate na keki zenye viwango tofauti vya unga wa nazi, wakawalisha watu wazima wenye afya na wenye kisukari, wakafuatilia sukari ya damu. Kadiri unga wa nazi ulivyoongezeka katika chakula, ndivyo sukari ilivyopanda polepole zaidi.

Nami nilifanya utafiti wangu wa uani. Mama mkwe ana kile kidude cha kutoboa kidole. Siku ya kwanza alipokula kipande cha mkate wa chicha, tulimpima saa mbili baadaye, na namba ilikuwa chini kuliko ile ya siku aliyoponyoka akala mahamri yangu mawili. Ni kidole kimoja cha mtu mmoja, siwezi kukitungia sheria. Lakini siku hiyo alikunywa chai jikoni.

Kutokuwa na gluteni si kutokuwa na wanga

Hapa wengi huchanganya, na wauzaji hawana haraka ya kuwachanganulia. Maneno mawili haya husafiri pamoja kwenye pakiti kama mapacha, lakini baba zao ni mbalimbali.

Mwenye kisukari adui yake ni wanga mwingi, wala gluteni haimdhuru. Mwenye maradhi ya seliaki ni kinyume chake. Huyu, akila ngano, shayiri au rai, kinga ya mwili wake hugeuka na kushambulia kuta za utumbo wake mwenyewe. Tumbo hujaa, huharisha, damu hupungua, mtoto hudumaa. Hakuna dawa ila kuacha nafaka hizo maisha. Aliyeliona jambo hili ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Katika majira ya njaa ya mwisho wa vita, mwaka 1944 na 1945, mkate ulipokosekana nchini mwake, watoto wake wagonjwa walipata nafuu wakati wenzao wenye afya wanakonda. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake kuthibitisha kuwa ngano ndiyo yenye kosa.

Usidhani haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa watoto 990 wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi wanaoishi kambini nchini Algeria. Watoto 5.6 katika kila 100 walikutwa na seliaki, kiwango kikubwa kuliko kilichokuwa kimeonekana popote. Wasahrawi ni wafugaji wa jangwani, watu wa maziwa ya ngamia, nyama na tende, ambao siku hizi chakula chao kikuu kimekuwa ngano. Nilipolisoma hilo niliinua macho nikatazama nje. Ngamia walikuwa wanavuka barabara, na mchungaji wao alikuwa amesimama mbele ya meza yangu ananunua mahamri. Sisemi kuwa yaliyowapata wale yametupata sisi. Nasema tu kuwa mtoto anayekonda kila akila mkate anastahili kupimwa kabla ya kuambiwa ana jicho.

Na kwa mwenye seliaki, pwani ina habari njema ya kale. Vitumbua ni mchele. Mkate wa sinia ni mchele na tui. Mkate wa mofa wa asili ni mtama au wimbi. Bibi zetu walikuwa wakioka bila gluteni kabla neno hilo halijafika bandarini. Ila mwenye kisukari asishangilie mapema, kwa sababu mchele ni wanga mtupu. Kitumbua humfaa wa seliaki na humchoma wa sukari. Kinachowafaa wote wawili ni kichache, na chicha ni kimojawapo.

Kutengeneza unga nyumbani

Huhitaji pakiti ya Mombasa. Unahitaji nazi iliyokomaa, ile ya miezi kumi na moja au kumi na miwili mtini, ukiitikisa maji yanalia. Koroma haifai, nyama yake bado haijakomaa. Nazi mbili za wastani hunipa kikombe kimoja cha unga, na hapo tui nimeshalitumia kwa wali. Kwa maneno mengine unga huo sikuununua. Nilikuwa ninao.

Kuna mchezo wa maneno hapa: chicha huchacha. Kwa joto letu la Madogo, chicha mbichi iliyoachwa bakulini kutoka asubuhi hadi alasiri inanuka uchachu. Kwa hiyo usiiweke. Mara tu baada ya kukamua tui la pili, itandaze nyembamba kwenye sinia pana, funika kwa kitambaa chepesi, na ianike. Kitambaa hicho si urembo: huzuia vumbi la malori, kunguru, na mbuzi wa jirani ambaye kwangu anajulikana kwa tabia yake. Igeuzegeuze. Kwa jua letu siku moja na nusu inatosha. Msimu wa mvua naikausha kwenye kikaango kizito juu ya makaa machache sana, nikikoroga bila kusinzia, kwa sababu ikigeuka rangi ya dhahabu umeshapika kashata.

Ijue iliyokauka kwa mkono: ukiifinya haishikani, na ukiiachia inateleza kama pumba. Ikibaki na unyevu huota ukungu, na ukungu wa nazi unaweza kuwa na sumukuvu inayoharibu ini. Chicha yenye doa la kijani au la njano usimpe hata kuku.

Kusaga ni shughuli nyingine. Niliipeleka kwenye mashine ya kusaga posho. Nazi ina mafuta, na mafuta na mashine hiyo hayapatani, basi chekeche ikaziba, nami nikaondoka na lawama nyingi kuliko unga. Tangu hapo natumia kinu na mchi, au blenda ya wifi yangu umeme ukiwapo, kidogo kidogo. Kisha nachekecha, na makapi yanarudi kinuni. Na hata kama mashine ya posho ingekubali, yule wa seliaki asiifuate, maana iliyosaga ngano jana ina ngano leo. Weka unga katika chupa kavu yenye mfuniko. Kwa kuwa bado una mafuta, usiuache zaidi ya miezi miwili kwenye joto, utaanza kuwa na ladha ya sabuni.

Aprili 2024, mafuriko ya Tana yalipofunika barabara kati yetu na Garissa, watu wakavuka kwa boti, na boti moja ikapinduka, roho zikapotea. Shamba la ndizi la mama mkwe lilikwenda na maji. Nazi nazo hazikufika kwa wiki kadhaa. Chupa mbili za unga wa chicha juu ya kabati ndizo zilizompatia mkate siku hizo. Hapo niliacha kuuona unga huu kama mchezo wa jikoni.

Mkate wenyewe

Kipimo changu, baada ya kuharibu mayai ambayo sitayahesabu hapa, ni hiki. Unga wa chicha nusu kikombe, gramu 55 hivi. Mayai manne. Tui zito robo kikombe. Mafuta au samli vijiko vitatu vya chakula. Beking pauda nusu kijiko cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na iliki ya kutosha kumwita jirani. Sukari hamna. Wenye afya wakitaka, waongeze yao vijiko viwili.

Piga mayai kwanza, peke yake, mpaka yaumuke yawe meupe na mazito. Hapa usimwonee huruma mkono wako. Tia tui na mafuta. Changanya unga, chumvi, iliki na beking pauda pembeni, uvunjevunje madonge, kisha mimina ndani ya mayai ukikoroga. Utaona rojo jepesi, na nafsi itakuambia uongeze unga. Usiisikilize. Acha bakuli dakika kumi. Ukirudi utakuta limekuwa zito kama uji wa mgonjwa, kwa maana nyuzinyuzi zimekunywa. Waliooka vipande vikavu vya kukwama kooni wengi wao hawakungoja dakika hizo.

Mwenye oveni atumie joto la digrii 175 kwa nusu saa na kidogo. Mimi sina oveni. Nina sufuria nzito, mfuniko bapa, na makaa ya mathenge, mti ule wa miiba uliovamia malisho yetu na kung'oa meno ya mbuzi. Faida yake niijuayo ni makaa. Napaka sufuria samli, natandika karatasi chini, namimina rojo, nafunika. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama unavyopalia wali. Moto mwingi wa chini huunguza kitako kabla moyo haujaiva. Baada ya dakika 30 nachoma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, natoa sufuria na kuuacha mkate upoe humohumo. Mkate wa nazi ukikatwa wa moto humomonyoka. Ukipoa husimama na kukatika vipande.

Usiutegemee kuwa kama boflo. Haufuri sana, hauvutiki, na harufu ya nazi haijifichi. Ni laini na wenye unyevu, karibu na keki kuliko mkate. Ukiula kwa mchuzi wa nyama unakubali, kwa chai unakubali zaidi.

Hesabu na tahadhari

Nisije nikaonekana nauza. Mkate huu si rahisi kwa mfuko. Chicha ni ya bure kwa anayepika kwa nazi, lakini mayai manne si ya bure, na mkate mmoja unatoa vipande vinane vidogo. Familia ya watu kumi hailishwi nao. Kwangu ni mkate wa mtu mmoja mwenye sababu, na watoto hupata kingo. Mahamri ya ngano naendelea kuyauza, kwa sababu ndiyo yanayolipa karo.

La pili, anayetumia dawa za kisukari, hasa insulini, asikate wanga ghafla bila kumweleza mhudumu wa kliniki. Dawa ilipimwa kwa chakula cha zamani. Ukipunguza chakula na dawa ikabaki vilevile, sukari inaweza kuanguka, ukatetemeka, ukatokwa jasho, ukazimia. Mama mkwe alipunguziwa kidonge kimoja, lakini kwa mkono wa daktari, si kwa mkono wangu.

La tatu, nyuzinyuzi zinataka maji. Ukizila nyingi siku ya kwanza bila kunywa, tumbo litajaa na kunguruma. Anza na kipande kimoja. Na kwa kuwa nazi ina mafuta yanayoganda, wenye shida ya moyo wasiongeze samli juu ya samli.

Jumamosi iliyopita nilikuwa uani natandaza chicha kwenye sinia. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu, na kuku saba wamejipanga mbele yangu shingo juu, wakingojea kile ambacho mama yangu wa Kipini, na mimi baada yake, tulikuwa tukiwarushia kila siku. Wiki ile mayai yalikuwa yamepungua. Nilidhani ni joto.

"Mwanangu," akasema, "nimekaa nikapiga hesabu."

"Hesabu gani, Mama?"

"Mkate wako unakula mayai manne. Mayai anataga kuku. Kuku alikuwa anakula chicha, na chicha sasa nakula mimi." Akawatazama kuku, akanitazama. "Sasa yai la kesho utalitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikachota konzi moja kwenye sinia, nikairusha mavumbini. Iliyobaki nikaifunika kwa kitambaa.